Harambee huishia India: Hatari ya saratani kwa waliopandikizwa ini

KATIKA soko la Ikonge, Kaunti ya Nyamira, kama ilivyo kwingineko katika nchi ya Abagusii, ugonjwa mkubwa wa mtu mmoja huwa mzigo wa ukoo mzima. Kamati huundwa, nambari ya mchango husambazwa, makanisa hutangaziwa tarehe ya harambee, na wenye mashamba huahidi sehemu ya bonasi ya majani chai. Ugonjwa ukiwa ni wa ini lililochakaa kabisa, mchango huo huwa wa safari ya India, kwa sababu upandikizaji wa ini haujawa huduma ya kawaida katika hospitali za Kenya.

Mgonjwa akirejea salama, hufanyika ibada ya shukrani. Manjano machoni yametoweka, tumbo lililojaa maji limenywea, na aliyekuwa akibebwa sasa anatembea mwenyewe hadi sokoni. Kamati hufunga hesabu zake. Kwa jamaa na majirani, kisa kimekwisha.

Kwa madaktari, hapo ndipo sehemu ya pili ya matibabu huanza, nayo huendelea maisha yote. Miongoni mwa mambo wanayoyahofia katika sehemu hiyo ni saratani. Mtu aliyepandikizwa ini hukabiliwa na hatari ya saratani inayokadiriwa kuwa mara mbili hadi nne ya ile ya mtu wa kawaida wa umri wake. Miaka ya kwanza ikishapita bila ini kukataliwa na mwili, saratani huwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu hawa.

Chanzo cha hatari hiyo ni dawa zilezile zinazowaweka hai.

Mwili wa binadamu hulitambua ini la mtu mwingine kuwa ni kitu kigeni, hata likitoka kwa ndugu wa tumbo moja. Ili usilishambulie, mgonjwa hupewa dawa za kudhoofisha kinga ya mwili: takrolimasi au siklosporini, mara nyingi pamoja na mikofenoleti, na katika miezi ya kwanza predinisoloni. Dawa hizi humezwa kila siku. Anayeziacha kwa hiari yake huhatarisha ini alilopewa.

Lakini kinga hiyohiyo inayozimwa kwa ajili ya ini ina kazi nyingine mbili. Ya kwanza ni kuzisaka chembe zilizoharibika na kuziangamiza kabla hazijawa uvimbe. Ya pili ni kuvidhibiti virusi ambavyo watu wengi huishi navyo bila kujua, vikiwamo vinavyoweza kuzaa saratani. Mlinzi akilazwa usingizi ili mgeni mmoja apite, huwezi kumchagulia ni wageni gani wengine asiwaone.

Jambo hili lilijulikana mapema. Daktari Thomas Starzl alifanya jaribio la kwanza la kupandikiza ini la binadamu mjini Denver, Marekani, mwaka 1963, na mwaka 1967 ndipo wagonjwa wake walipoanza kuishi kwa muda wa maana baada ya upasuaji. Kabla muongo huo haujamalizika, mwenzake Israel Penn alikuwa ameanza kuweka daftari la wagonjwa wa viungo vya kupandikizwa waliopata saratani. Aliligundua tatizo ambalo wengi walitaka kuamini kuwa ni sadfa.

Takwimu zilizo bora zaidi zilikuja baadaye. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulichunguza upandikizaji 175,732 wa viungo mbalimbali, ini likiwamo, uliofanywa kati ya mwaka 1987 na 2008. Kwa jumla, hatari ya saratani ilikuwa mara 2.1 ya kawaida. Kwa limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga zinazokaa katika tezi za mwili, isipokuwa ile aina ya Hodgkin, ilikuwa mara 7.5. Kwa saratani ya Kaposi, inayoota kama mabaka ya zambarau au meusi kwenye ngozi na mdomoni, ilikuwa mara 61.

Nambari hizo zisimtishe msomaji kupita kiasi. Kuongezeka mara 61 kwa ugonjwa ambao ni adimu Marekani hakumaanishi kwamba kila mgonjwa ataupata. Katika utafiti huohuo, visa vya saratani za kila aina vilikuwa takriban 14 kwa kila wagonjwa 1,000 kwa mwaka. Walio wengi hawakuugua. Na mtu ambaye ini lake limekufa hana cha kuchagua: bila upandikizaji, wengi wa wagonjwa wa namna hiyo hawafikishi miaka ya kuihofia saratani. Katika vituo vyenye uzoefu, karibu 9 kati ya 10 huwa hai mwaka mmoja baada ya upasuaji, na takriban robo tatu huwa hai baada ya miaka mitano.

Kwa hivyo, suala si kama safari ya India inafaa. Inafaa. Suala ni nani anayemwangalia mgonjwa akisharudi, na anamwangalia kwa kutafuta nini.

Mwongozo wa watu wengine

Hapa pana tatizo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Miongozo mingi ya kuwafuatilia waliopandikizwa viungo iliandikwa Ulaya, Marekani na Australia, na imewekwa kwa maradhi ya huko. Ukiisoma, saratani inayotajwa kwanza ni ya ngozi inayosababishwa na jua, kwa sababu ndiyo inayowakumba zaidi weupe wanaomeza dawa hizi. Mgonjwa huambiwa ajipake mafuta ya kuzuia jua, avae kofia na kumwona daktari wa ngozi kila mwaka.

Kwa mkulima mweusi wa Ikonge, ushauri huo una manufaa madogo. (Kwa mtu mwenye ulemavu wa ngozi, yaani zeruzeru, una manufaa makubwa mno, na haupaswi kupuuzwa.) Hatari zake ziko kwingine, na zinatokana na historia ya maradhi ya ukanda huu wa Afrika.

Ya kwanza ni Kaposi. Daktari Moritz Kaposi aliieleza mwaka 1872 akiwa Vienna, lakini Uganda na mashariki ya Kongo ilikuwa ikijulikana kama ugonjwa wa kawaida miongo kadhaa kabla ya Ukimwi kugunduliwa. Virusi vinavyoisababisha, vilivyotambuliwa mwaka 1994, vimeenea zaidi katika ukanda huu kuliko Ulaya Kaskazini au Marekani. Panapokuwa na virusi hivi kwa wingi, dawa za kudhoofisha kinga huviamsha. Saudi Arabia ilikutana na jambo hili miaka ya 1980, madaktari wake walipoona kuwa Kaposi ndiyo saratani iliyokuwa ikiwapata kwa wingi zaidi waliopandikizwa figo nchini humo, kinyume na walivyosoma katika vitabu vya Magharibi.

Nchini Kenya, Kaposi ina balaa jingine: jina lake. Kwa zaidi ya miaka 30, mabaka yale yamehusishwa na Ukimwi. Mtu aliyepandikizwa ini akiyaona kwenye unyayo au kwenye kaakaa, huenda akayaficha kwa kuogopa maneno ya watu. Hata mhudumu wa afya anaweza kumpima virusi vya HIV, akapata hana, kisha akadhani kwamba Kaposi pia imekwisha kuondolewa katika orodha ya maradhi yanayoshukiwa. Haijaondolewa. Dawa zinazomezwa asubuhi na jioni zinatosha kuileta.

Ikigunduliwa mapema, ugonjwa huu hauhitaji miujiza. Mara nyingi hatua ya kwanza ni kupunguza dawa za kinga kwa uangalifu au kuzibadilisha. Mwaka 2005, madaktari wa Italia walieleza kisa cha wagonjwa 15 wa figo waliokuwa na Kaposi ya ngozi. Walipoachishwa siklosporini na kupewa sirolimasi, mabaka yalitoweka kwa wote ndani ya miezi mitatu, na figo zao hazikukataliwa. Lakini badiliko la namna hiyo hufanywa na daktari anayeweza kupima kiwango cha dawa katika damu. Mgonjwa anayejipunguzia vidonge nyumbani kwa sababu ameona baka anaweza kupoteza ini kabla ya kupoteza baka.

Virusi vya watoto wa ziwani

Hatari ya pili ni limfoma, na hapa Afrika Mashariki ilichangia katika sayansi ya dunia nzima. Daktari Denis Burkitt, akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa ajabu katika taya za watoto. Alisafiri kwa gari kupitia nchi nyingi za Afrika akichora ramani ya ugonjwa huo, akaona kwamba unafuata maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye malaria nyingi. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake mjini London waligundua virusi katika chembe za uvimbe huo. Ndivyo virusi vinavyoitwa hadi leo Epstein-Barr.

Maeneo ya Kenya yanayopakana na Ziwa Victoria yamo ndani ya ramani ya Burkitt. Milima ya Gusii, iliyo juu na baridi zaidi, inaitazama nchi hiyo ya joto kwa chini, na watu wa pande hizo mbili hupanda na kushuka kila siku ya soko. Karibu kila mtu mzima anavyo virusi vya Epstein-Barr, na kinga huvituliza. Malaria ya mara kwa mara huilegeza kamba hiyo kwa mtoto. Dawa za baada ya upandikizaji huilegeza kwa yeyote anayezimeza. Limfoma ya baada ya upandikizaji huwapata takriban mtu mmoja hadi watatu kati ya watu wazima 100 waliopandikizwa ini, na watoto huwapata kwa wingi zaidi.

Kwa mtoto kuna sababu ya ziada. Watoto wachanga wanaozaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba ni miongoni mwa wanaopandikizwa ini wakiwa wadogo sana. Wengine wao hawajawahi kuambukizwa virusi hivyo, kisha wakavipokea kupitia sehemu ya ini waliyopewa na mama au baba. Maambukizi ya kwanza yanayokuja wakati kinga imezimwa ndiyo ya hatari zaidi.

Hebu fikiria, kwa mfano tu, mwanamume wa Ikonge aliyerejea kutoka India miezi kumi iliyopita. Anaota homa jioni, anatoka jasho usiku, amepungua uzani, na ana mitoki shingoni. Anaenda zahanati. Atapimwa malaria, na pengine homa ya matumbo. Akipewa dawa asipone, fikra inayofuata, na ni fikra ya haki kabisa, ni kifua kikuu. Waliopandikizwa viungo huugua kifua kikuu zaidi ya wengine, kwa hivyo mhudumu hajakosea kukishuku.

Kosa ni kuanza dawa bila kukata kipande cha mtoki na kukichunguza maabarani. Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, huliharakisha ini kuivunjavunja takrolimasi, hata kiwango chake katika damu kikashuka na mwili ukaanza kulikataa ini. Basi mtu huyo atakuwa anatibiwa ugonjwa ambao huenda hana, akiiachia limfoma muda wa kuenea, na papo hapo akilipoteza ini ambalo ukoo mzima ulilichangia. Hakuna katika mlolongo huo aliyefanya uzembe. Ni kwamba hakuna aliyeambiwa.

Dawa za antibiotiki aina ya klarithromaisini na dawa ya fangasi ya flukonazoli hufanya kinyume: hupandisha takrolimasi mwilini hadi kuumiza figo. Zote mbili hupatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa. Na kuhusu mitishamba, daktari wa upandikizaji huwa na jibu moja tu, nalo huwaudhi wengi: isitumiwe.

Chai ya moto na pombe

Hatari ya tatu ina sura ya nyumbani zaidi. Saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, imekuwa mzigo mkubwa magharibi mwa Kenya, na hospitali ya Tenwek katika Kaunti jirani ya Bomet inajulikana kimataifa kwa wingi wa wagonjwa wa aina hiyo inaowahudumia. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviorodhesha vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzijoto 65, kuwa huenda vinasababisha saratani hiyo. Pombe na tumbaku zilikuwa zimethibitishwa zamani.

Wale waliopoteza ini kwa sababu ya pombe, iwe ya chupa au chang'aa, ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya saratani za mdomo, koo, umio na mapafu baada ya upandikizaji, hasa wakivuta sigara. Mwili wao ulikuwa umeshachokozwa kwa miaka mingi kabla kinga haijazimwa. Kwa hivyo aliyepandikizwa ini akilalamika kwamba ugali unamkwama, hafai kupewa dawa ya vidonda vya tumbo na kuambiwa arudi baada ya mwezi. Anahitaji kamera ya kuangalia umio wiki hiyo.

Wanawake wana jambo lao. Virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, hustawi kinga inapodhoofika, na wataalamu hupendekeza waliopandikizwa wachunguzwe mara nyingi zaidi kuliko wanawake wengine. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya HPV Oktoba 2019. Msichana anayesubiri ini angefaa kupata chanjo hiyo mapema, wakati mwili wake bado una uwezo wa kuiitikia vizuri.

Kisha kuna wale ambao saratani ndiyo iliyowapeleka India. Homa ya ini aina ya B na sumu ya aflatoksini katika mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya saratani ya ini katika ukanda huu. Tangu mwaka 1996 madaktari wengi hufuata kigezo cha Milan: uvimbe uwe mmoja usiozidi sentimita tano, au usizidi mitatu, kila mmoja usiozidi sentimita tatu. Hata kwa waliotimiza kigezo hicho, ugonjwa hurudi kwa takriban mtu mmoja kati ya kila watu wanane au kumi, mara nyingi katika miaka miwili au mitatu ya kwanza. Hawa wanahitaji picha za ini na mapafu kwa ratiba, na wenye virusi vya aina ya B wanahitaji dawa ya virusi hivyo bila kukatiza.

Nani atalipa

Gharama ndiyo inayoamua mengi ya haya. Bima mpya ya afya ya jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ilianza kwa kuweka kikomo cha Sh550,000 kwa familia kwa mwaka kwa matibabu ya saratani. Fedha hizo humfaa aliyekwisha kuugua. Aliyepandikizwa ini asiye na saratani, ambaye anahitaji dawa kila mwezi, kipimo cha damu cha takrolimasi na uchunguzi wa kila mwaka, yuko mahali pagumu kueleza kwenye dirisha la malipo: si mgonjwa wa saratani, na kwa macho ya karani ni mzima.

Mjadala wa umma kuhusu viungo nao umeelekea upande mmoja. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inapiga marufuku biashara ya viungo vya binadamu. Mwaka 2025, ripoti za vyombo vya habari vya Ujerumani kuhusu biashara ya figo katika hospitali moja ya Eldoret ziliifanya Wizara ya Afya isimamishe upandikizaji huko na kuunda kamati ya uchunguzi. Ilikuwa sahihi kuuliza nani aliuza figo na kwa bei gani. Kilichopata nafasi ndogo ni hali ya waliopokea viungo, walio Kenya na walioondoka, na nani anafuatilia afya yao miaka mitano baadaye. Penn alianza daftari lake kwa karatasi na kalamu. Mamlaka ya Tishu na Upandikizaji ya Kenya ina vifaa bora kuliko hivyo.

Kwa wakazi wa Gusii, ahadi ya kituo cha saratani cha Kisii, kilichotarajiwa kujengwa kwa mikopo ya benki ya Kiarabu ya maendeleo ya Afrika na ya mfuko wa maendeleo wa Saudia, ilikwama kwa miaka mingi huku wagonjwa wakisafiri hadi Eldoret au Nairobi kwa tiba ya mionzi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi ya kumkagua aliyepandikizwa haihitaji mashine ya mionzi. Kumvua nguo na kuitazama ngozi yote hadi nyayo, kumwangalia mdomoni, kumpapasa shingo, makwapa na kinena, kumuuliza kama chakula kinapita: hayo humalizika kwa dakika kumi, na yanaweza kufanywa na daktari yeyote wa hospitali ya kaunti. Picha ya ultrasaundi na uchunguzi wa mlango wa kizazi hupatikana Kisii.

Kinachokosekana mara nyingi ni habari kumfikia daktari huyo. Mgonjwa hutoka India na faili nene lenye barua ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, orodha ya dawa, na nambari ya simu ya daktari aliye Chennai au Delhi. Faili hilo hutiwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa chini ya godoro pamoja na hatimiliki ya shamba, mahali pa vitu vya thamani. Mgonjwa akipatwa na homa usiku, hukimbizwa kwa bodaboda hadi kituo kilicho karibu, na faili hubaki nyumbani. Kamati za mchango za Ikonge, ambazo huhesabu kila shilingi ya tikiti ya ndege, zingeweza kutenga kiasi kidogo kwa nakala tatu za karatasi hizo: moja ya zahanati, moja ya hospitali ya rufaa ya Kisii, na moja ya kutembea nayo.